Amator: Filamu ya Mtu Aliyetaka Utulivu, Kisha Akanunua Kamera

Filip Mosz ni mtu ambaye, filamu inapoanza, amekwisha kupata karibu kila alichowahi kukitaka. Alikua yatima, na sasa ni mnunuzi wa vifaa katika kiwanda cha mji mdogo nchini Poland, ana nyumba katika jengo la ghorofa, ana mke aitwaye Irka, na mke huyo yu karibu kujifungua. Ndoto yake haikupita hapo: mke, mtoto, kazi ya uhakika, na jioni zisizo na msukosuko. Filamu nyingi zinazosimulia maisha ya watu wa kawaida humchukua mtu wa namna hii akiwa hana kitu, zikamfuata katika jasho na machozi hadi siku anapokipata. Krzysztof Kieślowski, aliyeongoza Amator mwaka 1979, ameanzia pale ambapo wenzake wangemalizia, na uamuzi huo peke yake unatosha kuifanya filamu hii isifanane na nyingine za aina yake.

Kamera inaingia nyumbani kwa nia njema kabisa. Ni kamera ndogo ya milimita 8, imetengenezwa Muungano wa Kisovieti, na Filip anaitaka kwa ajili ya binti yake, ampige picha tangu siku zake za mwanzo na kadiri anavyokua. Hakuna mzazi ambaye hangemwelewa. Lakini habari za kamera zinamfikia mkurugenzi wa kiwanda, na kwa kuwa kiwanda kinatimiza miaka 25 na sherehe inaandaliwa, mkurugenzi anamtaka Filip aipige filamu. Filip hana mafunzo yoyote wala hana nadharia. Anapiga kile ambacho macho yake yanakiona. Anapiga wageni wa heshima na wasanii walioalikwa kutumbuiza, lakini anapiga pia wasanii hao wakilipwa ujira wao, wajumbe wakitoka kikaoni kwenda msalani, na njiwa.

Kikao cha kuitazama kazi hiyo ndicho kipande kinachoonyesha ustadi wa Kieślowski kuliko kingine chochote katika nusu ya kwanza. Mkurugenzi, anayechezwa na Stefan Czyżewski, anaitazama picha hadi mwisho, kisha anataja vitu ambavyo angependa viondolewe: njiwa, wale waliokwenda msalani, na yale malipo. Hafoki, hatoi onyo, wala hana sura ya mtu mbaya. Anazungumza kama mkubwa mwenye busara anayemsaidia kijana asijiaibishe, na ndiyo maana mtazamaji anachelewa kutambua kwamba ameshuhudia udhibiti wa habari ukifanya kazi. Tumezoea kuonyeshwa udhibiti kwa sura ya polisi na makabati yaliyofungwa kwa kufuli. Hapa unaonyeshwa kwa sura ya mwajiri anayeuliza, kwa upole, njiwa wanahusikaje na maadhimisho ya kiwanda. Swali hilo halina jibu la maana, na Filip mwenyewe hana la kusema isipokuwa kwamba njiwa walikuwapo. Filamu nzima imesimama juu ya jibu hilo dhaifu, kwamba kitu kilikuwapo na mtu akakiona, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo udhaifu wake unavyozidi kugeuka kuwa nguvu.

Inafaa msomaji ajue mazingira yaliyoizaa kazi hii. Poland ya miaka ya 1970, chini ya Edward Gierek, kiongozi wa chama tawala cha kikomunisti, ilikuwa nchi ambamo sehemu nyingi za kazi zilikuwa na vilabu vya utamaduni, vikiwamo vilabu vya watengenezaji filamu wa ridhaa, vilivyopewa vifaa na chumba na taasisi husika. Kwa hiyo mkasa wa Filip si jambo la kubuni hewani; mfanyakazi wa kiwanda kupewa kamera na kuambiwa apige sherehe lilikuwa jambo la kawaida. Ni katika miaka hiyohiyo, kuanzia mwaka 1976 hivi hadi sheria ya kijeshi ilipotangazwa tarehe 13 Desemba 1981, ambapo waongozaji kadhaa wa Poland walitoa filamu zilizokuja kuitwa sinema ya wasiwasi wa kimaadili, zinazohoji si itikadi ya serikali moja kwa moja bali namna mtu mmojammoja anavyokubali kupindishwa kidogokidogo kazini, nyumbani na katika nafsi yake. Amator ni miongoni mwa kazi bora za kundi hilo, na haikupuuzwa ilipotoka: ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu la Moscow mwaka 1979 na Simba wa Dhahabu katika tamasha la Gdańsk mwaka huohuo. Kwamba filamu inayokosoa udhibiti ilituzwa Moscow ni jambo la kuchekesha, ingawa nadhani Kieślowski mwenyewe hangelishangaa sana, kwa kuwa amemchora mkurugenzi wa kiwanda kwa haki kiasi kwamba hata mkurugenzi wa kweli angeweza kutoka ukumbini akiwa ameridhika.

Baada ya sherehe, filamu ya Filip inapelekwa kwenye tamasha la kazi za ridhaa na kupata zawadi ya tatu. Ni ushindi mdogo, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kupewa zawadi yoyote maishani ni ushindi unaopindua nyumba. Anaanza kusoma habari za sinema, anakutana na watu wanaoitwa wasanii, anakutana na Anna Włodarczyk, mwanamke anayeshughulika na filamu za ridhaa na ambaye anamtazama kwa namna ambayo Irka hamtazami tena. Klabu ya kiwanda inakua, vifaa vinaongezeka, televisheni inaanza kuvutiwa na kazi zake. Jerzy Stuhr, anayemcheza Filip na aliyefariki dunia mwaka 2024, anayacheza mabadiliko haya bila kuyatangaza. Hakuna siku ambayo Filip anaamka akiwa mtu mwingine. Kinachobadilika ni mwendo wa macho yake: mwanzoni yanamtafuta mwenzake anayezungumza naye, baadaye yanatafuta pembe ya chumba ambapo mwanga ni mzuri zaidi. Stuhr alishirikiana na mwongozaji kuandika mazungumzo ya filamu hii, na jambo hilo linasikika. Filip anaongea kama mtu ambaye mawazo yake yamepita mbele ya msamiati wake, anaanza sentensi tatu na kumaliza moja, na katika kusitasita huko kuna uchekeshaji mwingi ambao wahakiki wengi, kwa kuiheshimu mno filamu, husahau kuutaja. Amator inachekesha. Atakayeiendea akidhani ni somo la maadili lenye uso uliokunjamana atashangaa jinsi nusu yake ya kwanza ilivyo nyepesi.

Kuna mandhari moja ambayo ningependa niielezee kwa utulivu, kwa sababu ndiyo inayomtetea Filip kuliko hoja zake zote. Rafiki yake Piotrek, dereva wa gari la kubebea maiti, amefiwa na mama yake. Siku za nyuma, katika kujaribu kamera yake, Filip alikuwa amewapiga picha wote wawili: mama akiwa dirishani, na Piotrek na gari lake huko chini. Ni picha za mtu anayejifunza, hazina mpango, hazina lengo, na kwa kipimo cha wataalamu hazina thamani. Baada ya mazishi Piotrek anaomba kuzitazama. Mashine inawashwa, na mama yake anatokea pale ukutani, yu hai, dirishani. Piotrek analia, kisha anamwambia Filip, kwa maneno machache yasiyo na mapambo, kwamba kazi wanayoifanya ni nzuri, kwa maana mtu amekwisha kufa na bado yupo. Kieślowski haongezi muziki wa kubembeleza wala haisogezi kamera puani kwa Piotrek ili tuhesabu machozi. Anaiacha mashine ilie. Mandhari hii ni fupi, na ni hapa ndipo mtazamaji aliyekuwa upande wa Irka, kama nilivyokuwa mimi, anapolazimika kukiri kwamba mumewe ameshika kitu chenye uzito, si mchezo wa mtu aliyechoshwa na malezi.

Uzito huohuo unarudi katika filamu ambayo Filip anaitengeneza kuhusu mfanyakazi mwenye kimo kifupi, Wawrzyniec, aliyekitumikia kiwanda kwa miaka 25. Mkurugenzi haipendi, anahofu watu watakionaje kiwanda chake. Filip anaiona kwa jicho jingine kabisa: kwake huyu ni mtu anayefanya kazi yake vizuri, ana mke, ana maisha, na hajawahi kuulizwa chochote na mtu yeyote. Televisheni inaionyesha. Hapa Kieślowski anaweka mezani suala zito kuliko la njiwa, nalo ni kwamba mkurugenzi na Filip wote wanaamini kuwa wanailinda heshima ya Wawrzyniec, na hakuna aliyeanza kwa kumuuliza mwenyewe anataka nini. Filamu haikai sana juu ya jambo hili. Ningetamani ingekaa zaidi.

(Asiyetaka kujua hadithi inaishia wapi aruke aya tatu zinazofuata.)

Irka anaondoka. Hakuna ugomvi mkubwa wa mwisho wenye vyombo vinavyovunjika. Kuna mwanamke aliyeolewa na mtu aliyetaka utulivu, akaamka akiwa na mtu mwingine. Malalamiko yake ni ya haki na anayasema wazi: alichokitaka yeye ndicho walichokubaliana wote wawili, naye Filip ndiye aliyehama. Anapotoka na kuushika mwelekeo wa kwenda zake, Filip, badala ya kumkimbilia, ananyanyua mikono na kuunda fremu kwa vidole vyake, akimtazama mkewe anavyoondoka kupitia fremu hiyo. Ni tendo la sekunde chache, na sijaona filamu nyingine iliyomshtaki msanii kwa ushahidi mdogo kiasi hicho na bado shtaka likasimama. Linatisha kwa sababu Filip hakulikusudia. Mikono ilinyanyuka yenyewe.

Kisha yanakuja yale ya Osuch, mkubwa wake wa kazini, mzee muungwana anayechezwa na Jerzy Nowak. Filip amepeleka televisheni filamu inayoonyesha ukarabati wa mji ulivyofanywa upande wa mbele tu, kuta za barabarani zikapakwa rangi ilhali nyuma kumeachwa vilevile. Ni kazi ya kweli na ya kijasiri, na mwenye kuitazama anapiga makofi moyoni. Lakini kamba hukatikia pabovu. Anayeipoteza kazi si mkurugenzi, ni Osuch. Mkurugenzi anamchukua Filip pembeni na kumweleza, bila hasira, kwamba mambo yana sura zaidi ya ile iliyoonekana kwenye picha, na kwamba fedha ambazo hazikutumika pale zilikuwa na kazi nyingine kwa manufaa ya mji huohuo. Je, anasema kweli? Kieślowski hatupi njia ya kuthibitisha, na hapo ndipo filamu inapoacha kuwa kisa cha mdogo mwema dhidi ya mkubwa mwovu. Filip ameonyesha ukweli, na ukweli huo umemwangukia mtu asiyestahili. Alikuwa na filamu nyingine tayari, kuhusu kiwanda cha matofali. Anaufungua mkanda na kuuanika kwenye mwanga, picha zote zikaungua.

Halafu, akiwa peke yake nyumbani, anaigeuza kamera kumwelekea yeye mwenyewe na kuanza kusimulia asubuhi ile uchungu ulipomshika Irka. Wahakiki wengi huusoma mwisho huu kama ukomavu, kwamba Filip amejifunza kujihoji mwenyewe kabla ya kuwahoji wengine. Usomaji huo una mantiki, nami nauheshimu, ila naona unampa Filip nafuu ambayo filamu haikumpa. Kugeuza kamera kuelekea uso wako bado ni kushika kamera. Mke hayupo, mtoto hayupo, Osuch hana kazi, na jambo la kwanza linalomjia mtu huyu ni kuwasha mashine. Inawezekana kabisa kwamba amekomaa; inawezekana vilevile kwamba ugonjwa umefika mahali pa kutopona. Nimevutiwa zaidi na uwezekano wa pili, na sababu yangu ni vile vidole vilivyounda fremu wakati wa kuagana.

Kazi hii haikukosa kasoro. Irka, anayechezwa vizuri sana na Małgorzata Ząbkowska, hakutendewa haki na waandishi. Tunamwona akipinga, tunamwona akichoka, lakini hatuambiwi ndoto zake zina umbo gani isipokuwa zile alizokuwa akigawana na mumewe, na kwa hiyo upinzani wake huonekana mara nyingine kama woga tu wa mwanamke mbele ya kipaji cha mwanamume. Mzizi wa tatizo uko katika ndoto ya usingizini ya Irka inayoifungua filamu, ile ya mwewe anayemrarua kuku mweupe. Ni ishara nzito mno kwa filamu nyepesi namna hii, na inaeleza mapema kile ambacho tungepaswa kukigundua taratibu. Anna naye ni mhusika aliyepakwa rangi juujuu. Kazi yake ni kumjulisha Filip kwamba kuna ulimwengu mwingine, na akiisha kuifanya hadithi haijui imweke wapi. Sehemu ambamo mwongozaji Krzysztof Zanussi anajitokeza kwa jina lake mwenyewe, akiutembelea mji na kuzungumza na watazamaji wa filamu yake Barwy ochronne, ilikuwa na raha yake kwa Wapoland wa wakati ule waliomfahamu, lakini kwa mtazamaji wa leo asiyemjua inaweza kuonekana kama mazungumzo ya wanataaluma waliosahau kuwa tupo ukumbini. Mimi niliifurahia, siwezi kuahidi kwamba kila mtu ataifurahia.

Upigaji picha wa Jacek Petrycki, ambaye alikuwa pia mshirika wa Kieślowski katika filamu za hali halisi, hauna urembo wa kujionyesha. Ofisi zinaonekana kama ofisi, ngazi za jengo zina ule mwanga hafifu wa ngazi za majengo ya umma, na vyumba vya nyumbani ni vidogo kweli, kamera imebanwa ukutani pamoja na watu. Kwa anayetarajia uzuri wa rangi wa filamu za baadaye za mwongozaji huyu, zile alizozitengeneza Ufaransa kati ya mwaka 1991 na 1994, hii itaonekana kavu. Ukavu huo una faida. Tunapooneshwa vipande vya filamu alizozipiga Filip, tofauti kati ya picha zake na picha za Petrycki si kubwa, na hivyo hatuwezi kujificha nyuma ya wazo kwamba yeye ni mtu wa ridhaa na sisi tunatazama kazi ya mabingwa.

Kuna tukio la kweli ambalo linaipa Amator uzito zaidi kwa anayelijua. Muda mfupi baadaye Kieślowski alikuwa akitengeneza filamu fupi ya hali halisi, Dworzec, iliyotoka mwaka 1980, akiwapiga picha abiria katika stesheni kuu ya reli ya Warsaw. Polisi walikuja kuuchukua mkanda wake wote, kwa kuwa walikuwa wakimsaka msichana aliyemuua mama yake na kuuficha mwili kwenye masanduku stesheni hapo. Msichana huyo hakuwamo katika picha. Kieślowski hata hivyo alitambua kwamba angeweza kuwamo, na kwamba bila kutaka wala kujua angekuwa amefanya kazi ya polisi. Tukio hilo ni mojawapo ya sababu alizozitoa za kuachana na filamu za hali halisi na kushika zile za kubuni. Ni kisa cha Osuch kikimrudia aliyekitunga.

Filamu ina urefu wa karibu saa mbili, mazungumzo yake ni ya Kipoland, na kwa kuwa sehemu kubwa ya utamu wake imo katika kusitasita kwa Filip, ni vyema kuitafuta nakala yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha kuliko yenye sauti zilizobadilishwa, ambamo Stuhr atakuwa amepotea nusu. Haifai kutazamwa huku unafanya shughuli nyingine, maana mambo mengi yanatokea usoni na si mdomoni. Mwenye muda aanze na Gadające głowy, filamu fupi ya takriban robo saa ambayo Kieślowski aliitoa mwaka 1980, ambamo Wapoland wa kila umri, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi wa miaka 100, wanaulizwa maswali yaleyale: wao ni nani, na wanataka nini zaidi. Wengi wanajibu kwa mambo ya kiasi, na bibi yule anataka tu kuishi zaidi. Kwa mpangilio huo mtazamaji anaifikia Amator akiwa ameshazoea jicho la mwongozaji huyu, na ile nusu ya kwanza, ambayo wengine huilaumu kwa kwenda polepole, haitamchosha.